Kinyozi wa Mwamba

Chewa yule alikuwa mnene kuliko mto wa kulalia, na mdomo kauacha wazi kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Nilikuwa juu yake, mita tatu hivi, miwani yangu ya kuzamia inaingiza maji upande wa kushoto, nikisubiri aondoke zake nipite. Hakuondoka. Mara kitu chembamba cha urefu wa kidole kikachomoza kutoka ndani ya mdomo wake, kikakwea shavu, kikazunguka jicho, kikarudi mdomoni tena bila hata kubisha hodi.

Nikakurupuka juu. Mjomba alikuwa ngalawani anakunja mshipi.

"Mjomba, kuna samaki kaingia mdomoni mwa chewa akatoka mzima!"

"Mwenye mstari?"

"Eeh, mweusi."

"Huyo haliwi."

"Jina lake nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la kokoto. "Mwanangu, si nimekwambia haliwi?"

Hii ilikuwa Mafia, upande wa Utende, ndani ya ghuba ya Chole, msimu wa kaskazi maji yanapokuwa meupe mpaka unahesabu vidole vya nyota za bahari. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mjomba anamjua tasi kwa rangi ya tumbo, anajua mkunga analala jiwe gani, na chewa anampima kilo kabla hajamtoa majini. Lakini huyu mdogo hajawahi kuingia kwenye mizani, basi hana jina. Nimewauliza wavuvi wengine tangu siku ile, na kila mmoja kanipa jina lake la papo kwa papo. Wanasayansi wanamwita Labroides dimidiatus, jina alilopewa na Mfaransa Valenciennes mwaka 1839. Mimi namwita kinyozi, na nitaendelea hivyo mpaka mzee mmoja wa pwani anisahihishe.

Ukimtaka, humkosi. Yupo kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hii hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki, kwenye maji ya kiunoni na kwenye kina cha makumi ya mita. Anafika sentimita 14 akineemeka, ila wengi ninaowaona hawazidi 10. Upande wa kichwa ni mweupe wenye unjano kidogo, mkiani anaingia buluu, na mstari mweusi unaanzia mdomoni ukiwa mwembamba kama wa kalamu, kisha unapanuka hadi mkiani. Watoto wake ni weusi tii wenye mchirizi wa buluu unaong'aa kama taa ya simu. Ukoo wao una spishi zaidi ya 500, na mkubwa wao, yule mwenye nundu kwenye paji la uso, anakaribia mita mbili. Na hawa wote huogelea kwa kupiga mapezi ya kifuani kama mtu anayepiga makasia, mkia wakiuweka akiba kwa ajili ya dharura.

Nimemwita kinyozi kwa sababu ana kibanda. Simaanishi kibanda cha mabati. Ni tumbawe fulani au kona ya jiwe ambayo haihami, na samaki wote wa jirani wanaijua. Asubuhi utamkuta pale anacheza: mkia juu, mkia chini, kama ngalawa inayopanda na kushuka mawimbi. Huo ndio ubao wake wa "Karibu". Wateja hufika na kupanga foleni. Kangaja husimama kichwa juu, mkundaji hubadili rangi, mwingine hutanua mapezi na kufungua mashavu mpaka unaona wekundu wa ndani. Halafu wanatulia. Samaki ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akimfukuza mwenzake sasa ananing'inia majini kama shati kwenye kamba.

Kinachotafutwa ni vimelea, hasa vidudu vya jamii ya kamba na kaa ambavyo vingi havifiki milimita tatu. Wachanga wao humrukia samaki, wakanyonya damu, wakashiba, wakaanguka mchangani. Kazi yao ni ile ya mbu na kupe, na kama mbu, usiku ndio wao.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna msemo: usingizi wa pono. Mtu akilala hata ukipiga ngoma haamki, tunasema kalala kama pono. Wazee hawakubahatisha. Pono, ambaye ni ndugu wa karibu wa kinyozi wetu, akilala usiku huwa kalala kweli. Baadhi ya aina zao, kabla ya kulala, hutoa ute mdomoni na kujifunika mwili mzima kwa utando unaopenya mwanga kama mfuko wa nailoni. Kwa miaka mingi ilidhaniwa utando ule unaficha harufu yake asinuswe na mkunga. Mwaka 2011 Alexandra Grutter na wenzake, huko Australia, wakachapisha jaribio: waliwaondolea pono utando huo taratibu bila kuwaamsha, wakawaachia wale vidudu. Waliofunuliwa walinyonywa sana, na waliobaki ndani ya utando karibu wote walisalimika. Ni chandarua kile. Pono analala ndani ya chandarua, sisi tunamcheka usingizi.

Asubuhi chandarua kikiliwa au kikipeperushwa na maji, kazi inahamia kwa kinyozi. Grutter huyo huyo alikaa kwenye miamba ya Lizard Island, kaskazini mwa Great Barrier Reef, akihesabu. Kinyozi mmoja, kwa wastani, alikagua samaki 2,297 kwa siku na kula vimelea 1,218. Ziangalie hizo namba mbili kwa jicho la mtu wa biashara. Karibu wateja wawili kwa kila kidudu kimoja. Maana yake wengi wanaopita mikononi mwake hawana cha kumlisha, na yeye kashaacha kazi nyingine zote, kashikilia kibanda tangu jua linachomoza. Sasa mtu kama huyo ana njaa, na mbele yake kuna ubavu mzima wa kangaja umefunikwa kitu kingine kitamu.

Kitu hicho ni ute. Mwili wa samaki umepakwa ute unaomkinga na maradhi, na kuutengeneza kunamgharimu. Kinyozi akipewa achague kati ya kidudu na ute, anachagua ute. Hili lilithibitishwa maabara mwaka 2003, na kwangu ndilo jambo la kwanza mtu anapaswa kujua kuhusu samaki huyu, kabla ya zile picha za urafiki baharini. Kazi yake ni kula asichokipenda mbele ya anachokipenda. Kila akiuma ute, mteja anashtuka. Ukiwa na subira utaona kwa macho: mwili wa kangaja unaruka ghafla kama mtu aliyeguswa sikio na wembe.

Nalijua ruko hilo. Kuna kinyozi mmoja mtaani kwetu, simtaji, alinikata nyuma ya sikio akaniambia nilitikisika. Nilirudi kwake mara tatu tena, kwa sababu kibanda chake kiko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu.

Hatua ishirini hizo ndizo zinazoeleza mwamba mzima. Redouan Bshary, mtafiti aliyetumia miaka mingi kuwatazama samaki hawa Ras Mohammed, kwenye ncha ya Sinai nchini Misri, aliona kuwa wateja hawatendewi sawa. Wapo wakazi, samaki wenye eneo dogo ambalo lina kibanda kimoja tu. Wapo wapitaji, wenye eneo kubwa lenye vibanda viwili au vitatu. Na wapo wala nyama, kama chewa wangu. Mpitaji akiumwa, anaondoka na safari ijayo anakwenda kwa mwingine, kwa hiyo kinyozi humhudumia haraka na kwa adabu. Mkazi akiumwa hana pa kwenda, anachoweza ni kumfukuza kinyozi hapa na pale kwa hasira, na hiyo nayo humtia adabu kiasi. Wote wawili wakifika kwa pamoja, mpitaji anaanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema nchi kavu. Chini kule mgeni akija mwenyeji anakaa benchi.

Na chewa? Chewa hadanganywi. Anayeweza kufunga mdomo ukiwa ndani yake anapata huduma safi kabisa.

Halafu kuna watazamaji. Mwaka 2006 Bshary na Grutter walionyesha katika jarida la Nature kwamba samaki anayesubiri foleni huwa anaangalia yule wa mbele anatendewaje. Akiona huduma inaendelea kwa amani, anakaribia. Akiona mtafaruku, hana haraka tena. Na kinyozi anajua anatazamwa: akiwa mbele ya macho ya wengine, anajizuia zaidi kula kile anachokipenda.

Ana mbinu nyingine ambayo mimi naona ndiyo ya kitaalamu kuliko zote. Hupanda mgongoni mwa mteja na kumpapasa kwa mapezi yake, bila kula chochote, wakati mdomo wenyewe umeelekea kwingine. Ni masaji. Humfanyia mteja aliyekasirika, au mla nyama ambaye macho yake hayaeleweki. Mwaka 2011 watafiti waliwaweka kangaja karibu na sanamu za kinyozi, baadhi zikitikisika na kuwapapasa, nyingine zimetulia tuli. Waliopapaswa walikutwa na kiwango kidogo cha homoni ya msongo mwilini. Sanamu haikuwaondolea kidudu hata kimoja, lakini mwili ulitulia. Sidhani kuna aliyewahi kuwekwa kitambaa cha moto usoni baada ya kunyolewa atakayeshangaa.

Nyumbani kwa kinyozi ndiko kwenye mambo. Dume mmoja huishi na majike kadhaa, mara nyingi kati ya watatu na sita, waliopangana kwa ukubwa: mkubwa anamwonea wa pili, wa pili anamwonea wa tatu. Wote walianza maisha wakiwa majike. Mwaka 1972 D. R. Robertson, aliyefanya kazi kwenye Heron Island, alieleza katika jarida la Science nini hutokea dume akitoweka. Ndani ya saa moja na nusu hadi mbili, jike mkubwa anaanza kuwatisha wenzake kwa mtindo wa dume. Siku mbili hadi nne, anatembea na kuchumbia kama dume. Siku 14 hadi 18, ana mbegu za kiume na ni baba mtarajiwa. Kilichokuwa kinamzuia si umri. Ni yule bwana aliyekuwa akimsukumasukuma kila siku.

Soma sasa jaribio la Nichola Raihani, Grutter na Bshary la mwaka 2010. Waliwapa dume na jike sahani ya plastiki yenye vyakula viwili, chakula cha kawaida cha samaki na vipande vya kamba. Kamba ndio utamu, lakini yeyote akigusa kamba, sahani inaondolewa, kama vile mteja anavyoondoka akiumwa. Jike akiponyoka akala kamba, dume alimfukuza kwa ukali. Na jike aliyefukuzwa, safari iliyofuata alijizuia zaidi. Kwa juu juu unaona mume anayelinda heshima ya kibanda. Lakini utafiti uliofuata ulionyesha kuwa adhabu inaongezeka jike anapokuwa na mwili unaokaribia wa dume. Mwenye kula vizuri anakua, na anayekua kupita kiasi ndiye dume wa kesho. Nani amesema ugomvi ule ulikuwa wa mteja peke yake?

Sahani hizo hizo zimewaaibisha wakubwa. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio lenye sahani mbili zenye chakula sawa, moja ya kudumu na nyingine inayoondolewa ukianza na mwenzake. Mjanja anaanza na ile itakayoondoka, anakula zote mbili. Vinyozi wazima waliwashinda sokwe, orangutani na tumbili wa Amerika. Vinyozi wachanga walishindwa, kwa hiyo ujanja huu unakuja na uzoefu wa kibandani. Ukiufikiria, ni swali lile lile la mgeni na mwenyeji, ila limevaa plastiki.

Lakini kilichomfanya samaki huyu azungumzwe mpaka na watu wasiojua kuogelea ni kioo. Masanori Kohda na wenzake wa Osaka, Japani, mwaka 2019, waliwawekea vinyozi kioo ndani ya tangi. Siku za mwanzo walikivamia, kama jogoo anavyofanya kwa kioo cha pikipiki. Baadaye wakaanza vituko: kuogelea chali, kwenda kasi mbele ya kioo na kusimama ghafla, mambo ambayo samaki hamfanyii samaki mwenzake. Hatimaye wakatulia, wakawa wanajitazama. Ndipo watafiti walipowachoma alama ndogo ya kahawia kooni, mahali ambapo samaki hawezi kupaona bila kioo. Watatu kati ya wanne walikwenda mbele ya kioo, wakaangalia, wakashuka chini na kujisugua koo mchangani. Bila kioo hawakujisugua. Alama isiyo na rangi nayo haikuwashughulisha.

Kinyozi hajinyoi, wanasema wazee. Huyu ukimpa kioo anajaribu.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Gordon Gallup, aliyebuni mtihani huu wa kioo kwa sokwe mwaka 1970, hakushawishika. Wengine walisema alama ya kahawia inafanana na kidudu, kwa hiyo samaki kachokozwa tu. Mimi hoja hiyo naiona inajigeuza. Watafiti hao waliporudia baadaye kwa alama za buluu na kijani, samaki hawakuhangaika; ya kahawia wakajisugua. Sasa ukitaka kujua kama fundi cherehani anajiona kwenye kioo, utampaka masizi puani au utaacha uzi unaning'inia kwenye kola yake? Unamuuliza mtu kwa lugha ya kazi yake. Mwaka 2023 wakaongeza picha: vinyozi waliokwishazoea kioo walishambulia picha za wageni, lakini picha zenye uso wao wenyewe waliziacha, hata uso huo ulipobandikwa kwenye mwili wa samaki mwingine. Sisemi anawaza mambo makubwa. Nasema samaki asiyezidi kidole anaijua sura yake, na mjomba bado anasema haliwi.

Panapokuwa na fundi wa kweli, kishoka hakosi. Yupo samaki mwingine, wa ukoo tofauti kabisa, mwenye mwili ule ule, mstari ule ule, hata ile ngoma ya mkia juu mkia chini anaijua. Anaitwa Aspidontus taeniatus. Samaki asiye na uzoefu anaweza kumsogelea akidhani ni kibanda, na kishoka anamng'oa kipande cha pezi. Ukimtazama kwa karibu utamjua kwa mdomo: kinyozi mdomo wake uko mbele kabisa ya uso, wa kishoka umejificha chini kama wa papa. Namtafuta tangu mwaka juzi, sijampata, au pengine nimempata nikamwita kinyozi.

Watu wameuliza, vinyozi wakifungiwa vibanda vyote itakuwaje? Kule Lizard Island iliwezekana kujaribu. Tangu mwaka 2000 watafiti waliwaondoa vinyozi kwenye miamba kadhaa midogo, na kila aliyehamia wakamwondoa. Baada ya miaka minane na nusu, samaki wakazi walikuwa wamepungua kwa asilimia 37 kulinganisha na miamba yenye vinyozi, na aina za samaki kwa asilimia 23. Nililifikiria hilo siku niliposoma kuwa Kenya nayo, pamoja na nchi nyingine za Bahari ya Hindi, huuza nje samaki hai wa mapambo, na kinyozi huyu yumo kwenye orodha. Anakwenda kukaa kwenye tangi la sebuleni lenye samaki watano sita, yeye aliyezoea wateja elfu mbili. Wengi hufa njaa. Uvuvi wa baruti nao sina hata haja ya kuusema. Bomu halichagui nani analiwa na nani haliwi.

Kaskazi iliyopita nilirudi kwenye jiwe lile lile. Chewa hakuwepo. Kibanda kilikuwepo, vinyozi wawili, mmoja mkubwa kidogo, siwezi kukuambia yupi bwana yupi bibi kwa sababu kwa kuwatazama hawatofautiani. Nilikuwa na kidonda kilichokaribia kupona kwenye kifundo cha mkono, cha kukwaruzwa na chaza juma moja nyuma. Nikashika jiwe lisilo na uhai kwa mkono mmoja, ule wenye kidonda nikaunyoosha, nikatulia.

Pumzi mbili tatu, mdogo akaja. Alianza kwenye kucha. Kisha akapita kwenye vinyweleo vya mkono mmoja mmoja, anainama, anaangalia, anainama, kama mwanamke anayechagua mawe kwenye mchele. Kwenye kidonda alisimama. Akadonoa gaga mara mbili, wala sikusikia kitu. Ya tatu aliuma pembeni, kwenye nyama nzima, na mkono wangu ukaruka wenyewe.

Kangaja watatu waliokuwa wamepanga foleni nyuma yangu wakageuka na kuondoka.

Kinyozi akabaki ananitazama. Halafu akapanda juu ya kifundo na kuanza kunipapasa.

Nilipofika ngalawani nilikuwa nacheka mpaka maji ya chumvi yananiingia puani. Mjomba aliuliza kama kule chini nimeona pweza.